Bangili Sitini

Wanafunzi walimwita Faktoria, naye alijua, na jina hilo lilimpendeza. Mwalimu Melkizedek alikuwa amefundisha hisabati katika shule moja ya sekondari mjini Kilosa kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mtoto wa katekista kutoka milimani, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni, na alichojivunia kuliko vyote ni kwamba hajawahi kukosea ubaoni. Alilisema hilo hata kwenye vikao vya wazazi. Kama kweli hakuwahi kukosea, au alikosea ila hakuna aliyethubutu kumwambia, hilo hakuwahi kujiuliza.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa alikuwa kidato cha tano akifundisha namna ya kuhesabu mipangilio. Kwa taratibu za shule alipaswa kufundisha kwa Kiingereza, lakini somo likinoga alirudi kwenye Kiswahili, na siku hiyo lilinoga mapema. Aliandika ubaoni neno MIKUMI.

"Herufi sita," alisema. "Zingekuwa zote tofauti, tungezipanga kwa njia sita mara tano mara nne mpaka moja, yaani faktoria ya sita, mia saba na ishirini. Lakini hapa kuna M mbili na I mbili. Ukibadilishanisha M na M mwenzake, neno linabaki lilelile. Kwa hiyo?"

"Tunagawa kwa mbili, tunagawa tena kwa mbili," alijibu msichana wa dawati la mbele. "Mia na themanini."

Huyo alikuwa Tumwagile. Kwao ni Mikumi yenyewe. Babu yake alikuja kutoka Tukuyu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, familia ikabaki. Mama yake, Loveth, alitunga shanga na kuziuza kando ya barabara kuu, pale mabasi na magari ya watalii yanaposimama. Kilosa, Tumwagile alikaa kwa mama yake mdogo, mtaa wa Mabwerebwere. Jumamosi ya wiki hiyo ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya hisabati, ambayo mwaka huo yalifanyika hukohuko Mikumi. Kila shule ilitoa mwanafunzi mmoja, na jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu Jumatatu.

Mwalimu akachora duara, akaweka nukta sita kulizunguka. Watu sita wakiizunguka meza, alieleza, halafu wote wakahama kiti kimoja kwenda kulia, hakuna kilichobadilika. Kila mtu bado ana majirani walewale. Ndiyo maana ile mia saba na ishirini inagawanywa kwa sita. Mia na ishirini. Darasa likaandika. Kisha akatoa swali la kumalizia: shanga sita, kila moja na rangi yake, zinatungwa kuwa bangili. Kwa njia ngapi?

"Mia na ishirini!" darasa likaitikia.

"Vizuri sana."

Mkono wa Tumwagile ulikuwa juu. "Mwalimu, mimi napata sitini."

"Sitini imetoka wapi?"

"Bangili inageuzwa, mwalimu. Ukiivua ukaivaa upande wa pili, rangi zinakwenda kinyume, lakini bangili ni ileile. Kwa hiyo tunagawa tena kwa mbili."

Melkizedek alitabasamu. "Na wale watu wa mezani, nao tuwageuze? Tuwaweke miguu juu?"

Darasa likacheka. Tumwagile mwenyewe alicheka kidogo.

"Watu hapana, mwalimu. Bangili ndiyo. Hata fundo tunalificha ndani ya tundu la shanga, huwezi kujua mwanzo wake uko wapi."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Lakini kicheko kilikuwa kimekatika. Evance, kijana aliyekuwa wa pili kwa alama darasani, alikuwa ameinua mkono wake na kuuzungushazungusha, akiutazama kana kwamba umevaa kitu. Wanne au watano walikuwa wanafuta kwenye madaftari. Mwalimu aliwaona wakifuta, na kitu kikampanda kifuani.

"Tumwagile," alisema, "hiki ni kidato cha tano. Hesabu za shanga za barabarani, za kuwababaishia wazungu, mwachie mama yako."

Hakuna aliyecheka. Msichana alikaa, akafunga daftari, akaweka mikono yake juu ya jalada. Hakuutazama ubao tena mpaka kengele ilipolia.

Muda wa mapumziko mwalimu alikwenda kwenye ubao wa matangazo, akalikata jina la Tumwagile kwa kalamu nyekundu na kuandika la Evance. Mkuu wa shule, Mwalimu Hildegarda, alimkuta hapo.

"Kuna nini tena?"

"Hasikilizi, mkuu. Mashindano yanataka mtu anayesikiliza."

Mkuu aliitazama ile karatasi, akamtazama na yeye, akaendelea na safari yake.

Alasiri ile, ofisi ya walimu ikiwa tupu, Melkizedek alichukua kitabu cha kiada atayarishe kipindi cha kesho yake. Kwa miaka mingi alikuwa akifundisha mada hiyo kwa nukuu zake za zamani, zilizoandikwa kwenye daftari la jalada gumu, na kitabu hakukifungua isipokuwa kutafuta mazoezi. Safari hii alikifungua ukurasa wa mipangilio ya duara. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na aya fupi ya mistari mitatu. Ilisema kwamba kitu kinachoweza kupinduliwa, kama mkufu au bangili, jibu lake hugawanywa tena kwa mbili.

Aliisoma mara mbili. Alitazama mlangoni, ingawa hakukuwa na mtu, akakifunga kitabu na kukirudisha kabatini nyuma ya vingine, mahali ambapo hakikuwa mwanzo.

Angeweza kumfuata yule binti saa ileile. Paredi ya kufunga siku ilikuwa haijaanza, na alimwona dirishani akifagia mbele ya darasa pamoja na wenzake. Alijiambia kwamba kesho ni siku nzuri zaidi. Angeanza kipindi kwa kusahihisha, dakika mbili tu, mambo yaishe.

Kesho yake aliingia darasani, wanafunzi wakasimama, "Shikamoo mwalimu," naye akaitika, "Marahaba, kaeni." Tumwagile alikuwa amehamia dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Pale mbele alikuwa amekaa mwingine. Mwalimu aliugusa ubao kwa chaki, na maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yakagoma kutoka. Aliandika kichwa cha mada mpya.

Evance akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Lile swali la bangili. Kwenye daftari tuache mia na ishirini?"

Darasa zima lilisubiri. Mlango ulikuwa wazi mbele yake kabisa, hakutakiwa hata kuusukuma. Melkizedek alimtazama Evance, hakuthubutu kutazama kule nyuma.

"Ndiyo," alisema. "Acheni hivyohivyo."

Kosa la Jumatano lilikuwa la kutojua. Hili la Alhamisi alilifanya akijua, na tangu saa ile chakula hakikumpanda. Mke wake, Debora, alimwuliza kama anaumwa. Akasema ni vumbi la chaki.

Jumamosi walisafiri, yeye na Evance, kwa basi la asubuhi kupita kijiji cha Ulaya mpaka Mikumi. Ukumbi ulikuwa bwalo la shule, umejaa wanafunzi na walimu wa shule kumi na moja. Evance alifanya vizuri. Maswali ya kuandika aliyapita, akaingia katika watatu bora, ambao walipaswa kujibu swali moja moja ubaoni mbele ya watu wote. Mwenye kuuliza alikuwa mwalimu mmoja mama wa makamo, Mwalimu Doris, mwenye sauti ya taratibu.

"Evance," alisema, "shanga saba zenye rangi saba tofauti zinatungwa kuwa mkufu wa duara, usio na kishikizo wala kidani. Tunaweza kupata mikufu mingapi tofauti?"

Melkizedek, kwenye benchi la nne, alilitambua swali lile.

Evance aliandika haraka. Faktoria ya saba gawa kwa saba. 720. Alipiga mstari chini ya jibu, akageuka na uso wa furaha.

"Una hakika?" aliuliza Mwalimu Doris. "Fikiri kidogo. Ni mkufu."

Kijana alisita. Aliutazama mkono wake. Chaki ikapanda tena kuelekea ubaoni, ikasimama. Halafu akasema, "Nina hakika, mwalimu. Wiki hii mtu darasani alisema tugawe kwa mbili, lakini mwalimu wetu alituthibitishia kwamba si hivyo."

Mwalimu Doris akavua mkufu wa shanga aliokuwa ameuvaa, akauinua watu wauone, kisha akaugeuza. "Mkufu ni uleule," alisema. "Mia tatu na sitini. Huyo wa darasani kwenu alisema kweli."

Ukumbi ulicheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka jambo likiwa wazi. Lakini Evance alisimama pale na chaki yake akimtafuta mwalimu wake kwa macho. Melkizedek aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hilo likawa la tatu. Angeweza kusimama na kusema, kosa ni langu, kijana hana hatia. Ingemchukua pumzi moja. Alibaki ameinama mpaka jina la shule nyingine lilipoitwa.

Nje, kando ya bomba la maji, Evance alisema, "Mwalimu, Tumwagile alikuwa sahihi."

"Najua."

Kijana akamtazama. "Samahani mwalimu. Ulijua lini?"

Ilikuwa rahisi kusema leo, sasa hivi, pamoja na wewe. Maneno yalikwishafika mdomoni. Lakini uso wa kijana ulikuwa bado na ile aibu ya ukumbini, aibu ambayo haikuwa yake.

"Jumatano," alisema Melkizedek. "Jumatano ileile, alasiri."

Evance aliitikia kwa kichwa. Alikwenda kukaa kivulini peke yake, na mwalimu hakumfuata.

Basi la kurudi lingeondoka baada ya saa mbili. Melkizedek aliulizia, akaelekezwa kwa Mama Tumwagile: meza ya mbao chini ya turubai la bluu, kando ya barabara kuu. Loveth alikuwa ameketi na sinia la shanga mapajani, sindano mkononi. Aliposikia kwamba huyu ndiye mwalimu wa hisabati kutoka Kilosa, aliliweka sinia chini na kusimama.

"Mwalimu Melkizedek? Jamani! Karibu, karibu. Tumwagile amekwenda kuteka maji, anarudi sasa hivi. Alikuja jana jioni. Mwalimu, mimi sijui nikushukuru vipi. Kila akija hapa ni mwalimu kasema hivi, mwalimu katufundisha vile. Akaniambia mashindano kamwachia mwenzake, maana mwenzake hajawahi kutoka Kilosa. Nikasema, mwanangu, huo ni moyo mzuri, bila shaka mwalimu ndiye kakufundisha."

Alimfutia kigoda kwa kanga. Melkizedek hakukikalia. Kwa hiyo binti alikuwa amemficha. Alirudi nyumbani na aibu aliyopewa na mwalimu wake, akamtungia mama yake hadithi ili jina la mwalimu libaki safi.

"Mama Tumwagile," alisema, "hakumwachia mwenzake. Mimi nilimtoa."

Akaeleza. Aliposimulia habari ya bangili sauti ilikuwa nzima, na ya kitabu alichokificha pia. Alipofika kwenye yale maneno ya darasani alijaribu kuyapitia juujuu.

"Ulisemaje hasa?" aliuliza Loveth.

"Nilisema... hesabu za shanga za barabarani."

"Ukaishia hapo?"

"Za kuwababaishia wazungu. Amwachie mama yake."

Loveth alikaa. Aliichukua sindano, akatunga shanga moja, ya pili, ya tatu. Lori likapita, turubai likapepea.

"Mimi nimeishia darasa la saba," alisema bila kuinua kichwa. "Kusemwa nimezoea. Hapa nasemwa na madereva, nasemwa na askari, nasemwa na hao wazungu wenyewe kwa lugha nisiyoijua. Inapita. Lakini yeye nilimpeleka shule ili asizoee."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Yale maneno uliyasemea hapa?"

"Hapana. Darasani."

"Basi mwalimu, mimi umeniomba nimesikia. Kaombe kulekule uliposemea."

Tumwagile alifika na ndoo kichwani wakati huo. Alimwona, akaitua ndoo, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Aliwatazama wote wawili, akaelewa kwamba mama yake ameshajua. Uso wake ukasawijika, na Melkizedek akaona kwamba alichokiogopa binti siku zote hizo ni hiki tu, mama yake kuyasikia yale maneno.

"Jumatatu," mwalimu alisema, "nitasema mbele ya wote."

"Sawa, mwalimu," alijibu Tumwagile, akaichukua ndoo na kuipeleka nyuma ya meza.

Jumatatu kipindi kilikuwa cha kwanza. Melkizedek hakuandika kitu. Alisimama mbele ya meza, si nyuma yake, mikono haijui pa kukaa.

"Jumatano nilisema bangili ya shanga sita ina mipangilio mia na ishirini. Si kweli. Ni sitini, kama Tumwagile alivyosema. Siku ileile nilisoma kitabuni nikaona nimekosea. Alhamisi Evance aliniuliza, nikajibu uongo. Jumamosi alisimama mbele za watu akaaibika kwa uongo wangu, na mimi nikakaa kimya. Hayo ni ya hesabu." Akatazama kule nyuma. "Lakini nilimtukana pia mama wa mwenzenu. Ni mtu anayefanya kazi yake kwa halali, na hesabu ile aliijua binti yake kwa sababu yeye anaijua kwa vidole. Tumwagile, nakuomba radhi. Evance, na wewe."

Mtu mmoja upande wa kulia aliguna kicheko, akanyamazishwa na jirani yake. Mwalimu alikuwa amefikiri kwamba akishasema atahisi wepesi. Hakuhisi. Alihisi macho arobaini na mawili yakimpima upya, na hakuwa na pa kujificha.

Tumwagile akasimama kule nyuma. "Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Shanga zikijirudia je? Nyekundu mbili, nyeupe mbili, bluu mbili. Kwenye bangili."

Melkizedek alishukuru kwa swali, maana liligeuza macho yote kwenye ubao. Shanga zikiwa kwenye mstari, alisema, ni 720 gawa kwa mbili mara tatu: 90. Duara linagawa kwa sita, kugeuza kunagawa kwa mbili. Akaandika 90 gawa kwa 12. Akaandika jibu. 7.5.

Aliitazama ile namba. Darasa nalo liliitazama.

"Nusu bangili," mtu alinong'ona, na safari hii kicheko kilikuwa kikubwa.

Aliijua hali hii. Ndiyo ileile ya Jumatano, kile kitu kifuani kikianza kupanda. Angeweza kusema swali haliko kwenye muhtasari, na kweli halikuwemo. Akaiweka chaki mezani.

"Sijui," alisema. "Wewe unapata ngapi?"

"Kumi na moja. Jana nilizitunga na mama, zote. Kuna nyingine, kama nyekundu, nyeupe, bluu, halafu tena nyekundu, nyeupe, bluu. Ukiizungusha nusu tu inarudi vilevile. Kwa hiyo kwenye ile tisini haimo mara kumi na mbili kama nyingine. Imo mara sita, na ziko saba za kujirudia hivyo, kwa kuzungushwa au kwa kugeuzwa. Ndiyo maana kugawa hakukubali."

"Njoo uwaonyeshe."

Alikuja. Mwalimu alikaa kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga ubao wa chini, akanakili bangili kumi na moja kwenye daftari lake pamoja na wengine.

Baada ya kipindi, Mwalimu Hildegarda, ambaye habari zilimfikia kabla ya saa nne, alimwita ofisini. "Ungeniambia mimi, tungelimaliza hapa ndani," alisema. "Sasa watakuheshimu vipi?" Melkizedek alijibu kwamba hajui, na kwamba anaomba aandikiwe barua ya onyo, iwekwe kwenye faili lake. Mkuu alikataa kuiandika. Melkizedek alitoka pale akiona kwamba hata adhabu amenyimwa.

Tumwagile alimngoja nje, chini ya varanda.

"Mwalimu, lile la hesabu limekwisha," alisema, macho chini. "Hata la mashindano. Ila lile la mama... bado, mwalimu. Nikijaribu halitoki."

"Sikulazimishi," alisema Melkizedek.

"Asante, mwalimu."

Tumwagile alimaliza kidato cha sita kwa alama za juu kuliko zote katika hisabati shuleni pale. Siku ya mahafali Loveth alikuja kutoka Mikumi na kitenge kipya, akamsalimia mwalimu kwa ucheshi, akamwuliza habari za nyumbani, kama mtu aliyekwisha kusahau. Tumwagile alisimama pembeni yake na joho lake. Alimwamkia kwa adabu zote, naye akaitika. Walimu wengine walikuwa wanaitwa kwenye picha na wanafunzi wao. Melkizedek alingoja kidogo, mikono nyuma. Binti alimshika mama yake mkono, wakaenda kupiga picha wawili peke yao.